Kuku Naye Anahitaji Mboga

Siku moja ya kupima kilo alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likabaki. Nywele zilikuwa nyembamba, rangi ya udongo mwekundu, na uso wake haukutaka kucheka wala kuangalia mtu. Hiyo ni bwaki, ninyi wote mnaijua. Nikamwuliza: "Mama, mutoto anakulaka nini?" Akajibu: "Bugari na sombe kidogo, tangu nilimutosha kwa maziba." Nikauliza tena: "Na mu kikapu iko nini?" Akasema: "Mayai kumi na moja. Ninapeleka soko."

Sikumgombeza. Wengine wangemgombeza, na mimi nilipokuwa kijana nilifanya hivyo mara nyingi, nikaona kama mama aliyegombezwa harudi tena. Yale mayai 11 yalikuwa chumvi, sabuni na sehemu ya franka za shule ya mtoto mkubwa. Mtoto tulimlaza siku ileile, maana mtoto aliyevimba hatibiwi kwa yai nyumbani. Anahitaji maziwa ya dawa yanayopimwa, kidogo kidogo, mchana na usiku, na kulindwa baridi. Alibaki kwetu juma tatu na uvimbe ukaisha. Lakini siku ya kwenda nyumbani mama aliniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu kwa haraka. Alisema: "Mama muganga, niko na kuku sita. Zinatagaka mara moja, kisha zinanyamaza miezi mingi. Kama zingetaga mingi, ningeuza ingine na kupatia mutoto ingine. Juu ya nini kuku yangu haitage?"

Hii karatasi ni jibu langu kwake, na kwenu wote.

Kwanza mjue kama kuku ni ndege wa pori. Baba yake wa zamani ni ndege mwekundu anayeishi hata leo katika misitu ya Asia ya kusini-mashariki, na watu wa huko walianza kumfuga zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Yule ndege wa pori anaamka asubui, anakwaruza chini ya miti, anakula mbegu za mianzi, matunda yaliyoanguka, majani machanga, wadudu, mchwa na konokono wadogo. Kila siku anakula namna nyingi za vyakula. Mwili wa kuku wetu ni uleule. Ukimfungia na kumpatia muhindi peke yake, ni kama kumlisha mtoto bugari bila mboga na bila nyama. Tumbo linajaa lakini mwili unabaki na njaa.

Waganga wenyewe walijifunza jambo hili kwa kuku, na habari yake ni nzuri, nitaieleza kidogo.

Mwaka wa 1886 daktari mmoja wa Uholanzi, Christiaan Eijkman, alifika kisiwa cha Java, katika nchi ambayo leo inaitwa Indonesia. Watu wengi huko walikuwa na ugonjwa unaoitwa beriberi: miguu inakosa nguvu, mtu anashindwa kutembea, moyo unachoka, anakufa. Waganga wengi walifikiri ni mdudu anayeambukiza. Eijkman alitafuta yule mdudu kwa kuku. Mwaka wa 1889 kuku wa nyumba yake ya uchunguzi wakaanza kulegea miguu, hata wale ambao hakuwatia kitu. Kisha, ghafula, wakapona wote. Akauliza mtu aliyewalisha, akapata habari. Kwa muda kuku walikuwa wakipewa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya waaskari. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa kutoa chakula cha waaskari kwa kuku wa raia. Basi wakarudishiwa mchele wa bei ndogo, ule ambao haujatoshwa ngozi nyekundu. Ule ukawaponya!

Eijkman alifuata jambo hilo miaka mingi. Rafiki yake Vorderman alipita kuangalia chakula cha magereza 101 ya Java, na aliona kama beriberi ilikuwa mingi sana mahali wafungwa walikula mchele mweupe, na kidogo sana mahali walikula mchele wenye ngozi. Lakini Eijkman mwenyewe alifikiri kwanza kama katika mchele mweupe mna sumu. Mwaka wa 1901 mwenzake Grijns ndiye alieleza sawasawa: si sumu iliyoingia, ni kitu kilichokosekana. Kitu kile leo tunakiita vitamini B1, na Eijkman alipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1929. Mimi nampenda zaidi yule mpishi mkali, na jina lake hakuna anayelijua.

Habari ya pili inawagusa ninyi moja kwa moja. Kila mmoja wenu aliyezaa kwetu anakumbuka kama mtoto alipigwa shindano kwenye paja siku ya kuzaliwa, na wengine walilalamika: "Mutoto mudogo hivi, shindano ya nini?" Ni vitamini K, na hiyo pia ilitoka kwa kuku. Kuanzia mwaka wa 1929, huko Copenhagen, Henrik Dam alilisha vifaranga chakula kilichosafishwa sana, kisichokuwa na mafuta. Vifaranga vikaanza kutoka damu chini ya ngozi na ndani ya nyama, na damu haikuganda. Alijaribu hiki na kile. Majani mabichi yaliwasaidia, na maini pia. Mwaka wa 1935 aliita kile kitu vitamini K. Mtoto mchanga anazaliwa nayo kidogo sana, na maziwa ya mama yako nayo kidogo, kwa hiyo wachache wanaweza kutoka damu kichwani au tumboni bila mtu kujua. Shindano lile ni la kuzuia hiyo. Msilikatae.

Basi mnaona: ndege mmoja, na majani ya kijani, na watoto wetu, mambo yale yanafungwa pamoja.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe. Katika shule yetu ya wauguzi tulikuwa na kuku, ili wanafunzi wajifunze na tupate mayai kwa wagonjwa. Majirani walilalamika kama vifaranga vinakwaruza bustani zao, na ni kweli. Nikaamuru vifungwe ndani, vilishwe muhindi uliosagwa na mabaki ya wali. Niliona nimefanya kazi safi. Baada ya juma mbili vifaranga vingi vilianza kukaa juu ya magoti, na vidole vya miguu vikajikunja ndani kama ngumi ya mtoto mchanga. Mwanafunzi mmoja alisema ni uchawi wa jirani. Mimi nilisema ni baridi. Sote tulikosea. Kitabu kilinieleza baadaye: vidole kujikunja ni alama ya kukosa vitamini B2, na muhindi uko nayo kidogo sana. Tulikata lenga-lenga nyororo, tukaitia kila asubui na jioni, tukaleta na mchwa. Baada ya siku chache wengi wakasimama. Wawili hawakusimama tena, maana mishipa yao ilikuwa imeharibika kabisa. Nilichelewa.

Vifaranga vya mama wa kijiji, vinavyotembea, havipati ugonjwa ule kwa urahisi, kwa sababu vinajitafutia. Kwa hiyo siwaambii mfunge kuku kama mimi. Lakini wakati wa kupanda, wakati kuku wanafungwa wasile mbegu za watu, au pale kijiji kimekuwa kikubwa na majani ya karibu yameisha, kuku anakula tu kile mkono wako unachomletea.

Kwa nini majani ya namna nyingi, si jani moja tu? Hapa msitu wetu unatufundisha. Mwaka wa 1994, katika Hifadhi ya Okapi kule Ituri, wachunguzi walianza kupima miti katika vipande vinne vya msitu, kila kimoja hektari 10. Walipima kila mti, hata mchanga mwembamba wa sentimeta moja, wakautia namba. Vipande viwili viko katika msitu wa mbau, fasi mti mmoja unatawala, na viwili katika msitu uliochanganyika. Walikuta mamia ya aina za miti na kamba za pori. Wakati wa vita mtaalamu wa mimea wa Congo, Corneille Ewango, alibaki kule Epulu wengi walipokimbia, akaficha majani makavu na vitabu vya hesabu visiharibike. Mwaka wa 2005 alipewa kwa kazi hiyo zawadi ya Goldman. Na Yangambi, karibu na Kisangani, kuna nyumba iliyotunza tangu zamani majani makavu zaidi ya 100,000, kila jani na jina lake na fasi lilipochumwa.

Mtu atasema: majani makavu yana faida gani kwa kuku wangu? Faida ni hii. Mti hauwezi kukimbia mdudu wala mnyama. Kwa hiyo kila namna ya mti inajilinda kwa kitu kinachotengenezwa ndani ya jani: uchungu, ukakasi, sumu. Jani lilelile linaweza kuwa na chakula kizuri na sumu pamoja. Majani mawili yanafanana machoni, moja ni mboga, lingine linaua. Bila jina la kweli hatuwezi kusema "jani hili linafaa." Bambuti na Efe wa Ituri wanajua mimea mingi kuliko sisi wenye vitabu, na wanapowaambia "jani hii hapana," wasikilizeni.

Sumu ya muhogo mnaijua. Sombe iko na protini mingi na vitamini, ndiyo maana tunaipenda, lakini mbichi iko na kitu kinachotoa sayanidi. Kwa hiyo tunatwanga na kuchemsha muda mrefu. Kuku hana chungu. Ukitaka kumpatia sombe, katakata majani, uyaache yanyauke, uyakaushe juani siku mbili au tatu, kisha uyatwange unga. Unga huo uchanganywe kidogo: kikombe kimoja cha unga wa sombe kwa vikombe 20 vya chakula kingine. Usizidishe. Ule mti wa lesena (wengine wanauita leukena) ambao watu wa kilimo walipanda pembeni ya mashamba kulinda udongo, mbuzi anaula vizuri, lakini uko na kitu kinachopunguza kuku kukua na kutaga. Huo pia uwe kidogo sana, au uache kabisa ikiwa una lenga-lenga.

Lenga-lenga ndiyo ninaipenda kwa kuku. Inaota upesi, haihitaji dawa, na unaweza kuichuma na kuifunga kwa kamba juu kidogo ya kichwa cha kuku, ili adonoe bila kuikanyaga. Majani ya viazi vitamu ni mazuri pia. Majani ya mapaipai yakikaushwa na kutwangwa, kidogo. Mfumbwa wa pori ni mboga nzuri ya watu, lakini ni jani gumu, tena akina mama wanautafuta mbali kila mwaka zaidi kwa sababu unakatwa na mizizi. Ule uwe wa chungu, si wa kuku.

Lakini msikose hapa: kuku si mbuzi. Mbuzi ana tumbo kubwa linalochachisha majani, kuku hana. Tumbo lake linafanana na letu zaidi. Akijazwa majani matupu atakonda. Majani ni mboga yake, bugari yake ni muhindi, mtama, muhogo mkavu au makapi ya mpunga, na nyama yake ni wadudu. Mchwa ni nyama ya bure. Chukua chungu cha zamani, kijaze majani makavu na mavi ya ng'ombe au mbuzi yenye maji kidogo, kipindue juu ya shimo la mchwa jioni, asubui inayofuata au ya tatu utakuta wamejaa. Wapatie vifaranga kwanza, maana wanakua na wanahitaji protini kuliko wakubwa. Soja pia ni nzuri sana, lakini ikaangwe. Soja mbichi na maharagi mabichi yako na kitu kinachozuia tumbo kusaga protini; kuku anakula na hakui. Na kwa ganda la yai, mama kuku anahitaji chokaa: maganda ya konokono, au maganda ya mayai yenyewe, yachomwe kidogo na kutwangwa. Ukiyatupa mazima kuku atajifunza kula mayai yake, na hapo utalia.

Kuku wa kijiji akilishwa hivi hatataga kila siku kama wale weupe wa mjini. Anataga kama mayai 40 mpaka 60 kwa mwaka, tena anakaa juu ya mayai na kulea watoto, na wakati huo hatagi. Ndilo jibu la yule mama: kunyamaza kwake kwingine ni kulea, kwingine ni njaa. Kulea hatuwezi kukuondoa. Njaa tunaweza.

Tena majani hayazuii kifo cha kiangazi, pale kuku wa kijiji kizima wanapokufa kwa siku chache, shingo imepinda, kinyesi cha kijani. Ule ni ugonjwa wa virusi unaoitwa Newcastle. Nimeona watu wakitia pilipili na jani chungu ndani ya maji, na kuku wanakufa tu. Chanjo iko, tone moja ndani ya jicho, na nyingine, inayoitwa I-2, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Ulizeni mganga wa mifugo kabla ya kiangazi, mjiunge nyumba nyingi pamoja kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi.

Sasa yai lenyewe. Yai moja lina kama gramu 6 za protini, iliyo bora kwa mtoto, na vitamini A, na B12 ambayo hakuna jani linaloitoa. Wengi mnasema kiini chenye rangi ya machungwa kina nguvu zaidi. Rangi ile inatoka kwa majani, ndiyo, na inaonyesha kuku alikula mboga, lakini rangi peke yake haipimi vitamini A. Kuku anayekula muhindi wa njano au mabaki ya mafuta ya mawese naye anaweka vitamini A ndani ya yai.

Wachunguzi walijaribu jambo hili kwa watoto. Katika nchi ya Ecuador, mwaka wa 2015, watoto wa miezi 6 mpaka 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Waliobaki wafupi walikuwa karibu nusu ya wale wasiopewa. Tulifurahi sana. Kisha jaribio kama lile lilifanywa Malawi, na matokeo yalitoka mwaka wa 2019: urefu haukuongezeka. Watoto wa kule walikuwa wanakula samaki tayari, karibu na ziwa. Ndiyo maana sisemi yai ni uganga. Ninasema mtoto anayekula bugari na sombe peke yake, bila samaki, bila nyama, bila kumbikumbi, yule ndiye yai litamsaidia zaidi, na kwetu wako wengi. Anza akifika miezi 6, pamoja na maziwa ya mama. Yai lipikwe mpaka ute na kiini vigumu, lisagwe ndani ya uji. Kama huwezi kila siku, mara tatu kwa juma ni afadhali kuliko Krismasi.

Kuna fasi wazee walikataza mwanamke mwenye mimba au mtoto kula yai. Wanasema mtoto atakuwa mwizi, au hatakuwa na nywele. Nimezaa wanne nikila mayai, na wote wako na nywele. Juu ya wizi, ulizeni majirani wangu.

Neno moja la mwisho, na ni kubwa. Kuku wasilale ndani ya nyumba pamoja na mtoto. Ninajua mnaogopa wezi na chui wa usiku. Lakini mtoto anayetambaa anaokota kinyesi cha kuku na kukitia kinywani, na ndani ya kinyesi kile mna vidudu vya kuhara. Yai linamjenga, kinyesi kinambomoa. Mjenge kibanda cha miti juu ya nguzo, kiwe ukutani karibu na mlango wenu, mkisikia kelele usiku mtoke. Mnawe mikono kwa sabuni baada ya kuokota mayai.

Yule mama wa kikapu alirudi mwezi uliopita kupima kilo. Mtoto ana kilo 10 na gramu 400, anatembea, alininyang'anya kalamu. Kuku wake wamebaki wanne, wawili walichukuliwa na mwewe. Anauza mayai nusu, na nusu anaweka ndani ya kibuyu cha majivu kwa mtoto. Ametuletea mbegu za lenga-lenga, kikombe kizima, tugawe. Tutazigawa hapa kliniki siku ya kupima, asubui, kabla ya jua kuwa kali. Mje na kipande cha karatasi cha kufungia.